Shule ya Serikali na Shule ya Binafsi: Uhakiki wa Maneno Yatumikayo

Mtoto wa mjini nchini Tanzania akaribiapo umri wa kuanza darasa la kwanza, wazazi wake huulizana swali moja: je, apelekwe shule ya serikali au ya binafsi? Swali hili hujadiliwa sana kwa upande wa ada, wa usafiri na wa matokeo ya mitihani. Upande wa maneno yenyewe hutazamwa kwa nadra, ingawa ndiyo yaliyoliunda swali, na huamua nusu ya jibu kabla mzazi hajafika langoni mwa shule. Makala haya yakusudia kuyapima maneno hayo, kisha kuonyesha jambo ambalo maneno hayo yamelificha.

Neno la kwanza ni binafsi. Asili yake ni Kiarabu: nafsi ni roho au mtu mwenyewe, na bi iliyotangulia ni "kwa". Lasema, basi, habari za mwenye mali. Shule ya binafsi ni ile isiyomilikiwa na Serikali; mwenyewe aweza kuwa mfanyabiashara, kanisa, au jumuiya ya Waislamu. Neno halisemi lolote juu ya lugha ya kufundishia, wala juu ya ujuzi wa mwalimu, wala juu ya idadi ya watoto darasani. Hata hivyo, mzazi wa Dar es Salaam asemapo "binafsi", msikilizaji huelewa mara moja "Kiingereza". Mambo mawili yamefungwa fundo moja, na fundo hilo si la haki. Olympio na Diamond ni shule za msingi za Serikali katika jiji hilo hilo, nazo hufundisha kwa Kiingereza. Tena hakuna jambo katika maana ya binafsi limzuialo mwenye shule kufundisha kwa Kiswahili.

Neno la pili latoka ofisini. Shule ifundishayo kwa Kiingereza huitwa katika barua za Serikali "shule ya mchepuo wa Kiingereza". Kuchepuka ni kuiacha njia kuu na kushika ya kando. Barabara ya mchepuo ni ile izungukayo mji ili magari yasipite katikati. Aliyelitumia neno hili kwa shule alitia ndani yake hukumu iliyo wazi: njia kuu ya elimu ya msingi ni Kiswahili, na Kiingereza ni njia ya pembeni. Kwa upande wa idadi ya shule hukumu hiyo ni kweli. Kwa upande wa heshima imepinduliwa kabisa, kwani machoni pa wengi walio na uwezo wa kulipa, ya pembeni ndiyo iendayo mbali na ile kuu ndiyo iishiayo vichakani. Istilahi imebaki na itikadi ya mwaka 1967, ulipotoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea na Kiswahili kikathibitishwa kuwa lugha ya shule za msingi. Wasemaji wamekwisha kuhama.

Neno la tatu ni la mtaani. Kwa kuwa shule nyingi za Kiingereza zimejipa majina ya watakatifu, wenye mzaha wameibatiza shule ya serikali "Mtakatifu Kayumba", na watu husema kwa mkato kwamba mtoto fulani "anasoma Kayumba". Dhihaka hii ina makali mawili. Yamcheka maskini kwa kumvika cheo asicho nacho, na papo hapo yamcheka tajiri aliyedhani kwamba jina la mtakatifu lililoandikwa ubavuni mwa basi latosha kuwa elimu. Wako watu wazima waliosoma huko ambao hulitamka jina hilo kwa fahari. Lakini mtoto wa miaka saba hajui kinaya. Yeye husikia tu kwamba shule yake ina jina la kuchekwa, na kwamba lugha ya shule hiyo ndiyo lugha ya nyumbani kwao.

La nne ni bure. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika shule za umma kuanzia Januari 2016, nao watu wakasema elimu imekuwa "bure". Waandishi wa Serikali hupendelea kusema "elimu bila malipo", na upendeleo huo una maana, kwa kuwa katika Kiswahili bure ni kisicholipiwa na pia ni kisicho faida. Hata mtu aliyejitaabisha pasipo mafanikio husemwa amefanya kazi bure. Watoto walifurika madarasani mwaka huo, madawati yakapungua, na maana ile ya pili ikapata watu wengi wa kuishuhudia.

Maneno haya manne yakiwekwa pamoja, mzazi hujikuta mbele ya njia mbili tu: Serikali, Kiswahili, bure na msongamano upande mmoja, binafsi, Kiingereza, ada na nafasi upande wa pili. Hana neno la kulitenga jambo moja na jingine, na alinunuapo moja hulazimika kuyachukua yote. Hapo ndipo lilipo kosa. Kipimo cha Serikali ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, na shule nyingi za umma zimekipita mbali. Mzazi atafutaye darasa la watoto 30 na mwalimu ajuaye jina la mtoto wake atafuta jambo jema. Lakini akilipata, hulipata likiwa limefungwa pamoja na lugha ambayo mtoto hajui kuomba kwayo ruhusa ya kwenda msalani. Miaka kadhaa baadaye mtoto akifanya vizuri, sifa zote hupewa Kiingereza. Mwalimu na nafasi havikumbukwi.

Kwa mtoto mdogo gharama ya lugha hiyo si ndogo. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 1953 juu ya lugha za wenyeji katika elimu ilikwisha kusema kwamba mtoto hufundishwa vema zaidi kwa lugha ya mama yake. Kwa Kiswahili hoja hiyo ina nguvu ya ziada, nayo ni ya tahajia. Mtoto aliyejua silabi zake aweza kulisoma neno asilopata kuliona, maana herufi hushika sauti yake popote iwapo. Katika Kiingereza herufi zile zile nne, o-u-g-h, hutamkwa kwa namna nyingi mbalimbali, na mwenye lugha mwenyewe huzikariri neno kwa neno. Seymour, Aro na Erskine walipolinganisha mwaka 2003 watoto wa lugha 13 za Ulaya, waliona kwamba misingi ya kusoma Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda uhitajiwao na lugha nyingi zenye tahajia nyoofu. Hao walikuwa watoto waliozaliwa katika lugha hizo. Mtoto wa Temeke apewaye Kiingereza kuwa maandishi yake ya kwanza abebeshwa mzigo huo pamoja na mwingine, kwa kuwa hata akifaulu kulitamka neno, bado hajui ni kitu gani.

Yafaa kukiri kwamba Kiswahili nacho si lugha ya mama kwa watoto wote. Mtoto wa kijiji cha Usukuma aingia darasani na Kisukuma. Lakini akikutana na mtu na watu, amekwisha kujua munhu na banhu. Mpango wa ngeli anao kichwani, na safari yake ni ya kuvuka mto tu. Safari ya Kiingereza ni ya kuvuka bahari.

Pamoja na hayo, si haki kumlaumu mzazi kama asiyejua thamani ya lugha yake. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, haikuwa hivyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 likaacha Kiingereza kiendelee katika sekondari. Mzazi ameisoma historia hii bila kufungua kitabu. Ajua kwamba mwanawe ataamka asubuhi moja akiwa kidato cha kwanza, na biolojia aliyoijua jana kwa jina la sayansi itasemwa kwa lugha nyingine. Humwanzisha mapema ili asije akazama baadaye. Casmir Rubagumya aliuliza mwaka 2003 kama shule hizi si soko jipya la lugha. Kama ni soko, basi bei yake hupangwa na mlango wa sekondari.

Lawama iliyosalia ni ya wataalamu wa Kiswahili wenyewe. Katika makongamano husomwa makala yaitetayo lugha ya taifa darasani, na asubuhi ya siku hiyo hiyo watoto wa baadhi ya wasomaji wamekwisha kupakiwa katika mabasi ya njano kwenda kukaririshwa Kiingereza. Kutenda hivyo si uovu, kwani nao ni wazazi, na hofu yao ni ile ile ya jirani zao. Lakini mtaalamu aliyemwondoa mwanawe katika shule ya Kiswahili amepoteza sababu ya kugombea madawati na walimu wake, na shule hiyo imempoteza mzazi ambaye angesikilizwa.

Kazi iwezayo kufanywa na wanaistilahi ni kulifungua lile fundo. Neno mchepuo na liachwe kwa barabara. "Shule ifundishayo kwa Kiingereza" latosha na halidanganyi. Swali la mzazi nalo ligawanywe mara tatu: ni nani mwenye shule, mtoto atafundishwa kwa lugha ipi, na mwalimu mmoja ana watoto wangapi? Likiulizwa hivyo, wazazi wengi watagundua kwamba walichokuwa wakikililia tangu mwanzo kimo katika swali la tatu, na kwamba hilo ni deni ambalo Serikali yaweza kudaiwa kwa Kiswahili.