Kumhoji Panya Asiyesema

Mwaka 1992, Alcino Silva, Susumu Tonegawa na wenzao walieleza habari za panya waliokosa jeni moja tu. Jeni hiyo hutengeneza alfa-CaMKII, kimeng'enya kilichosheheni pale seli za ubongo zinapopashana habari. Kuwapata panya hao kulitaka subira: jeni iliharibiwa ndani ya seli shina, seli zikapandikizwa katika viinitete, kisha wazao wakazalishwa hadi akapatikana aliyerithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama.

Lakini ufundi ninaouvulia kofia uko kwenye bwawa alilolibuni Richard Morris wa Uingereza. Ni bwawa la duara, maji yake hutiwa maziwa yasionyeshe kitu, na jukwaa dogo limefichwa chini kidogo ya uso wa maji. Panya anajua kuogelea ila hapendi kukaa majini. Kila mara hushushwa upande tofauti, hivyo kukariri njia hakumsaidii. Lazima ajue jukwaa liko wapi kwa kutazama alama za chumbani. Panya mzima hufika upesi zaidi siku hadi siku. Waliokosa jeni walichukua muda mrefu zaidi kulipata.

Mwenye pupa angesema hapo hapo: hawana kumbukumbu. Fundi hujiuliza kwanza. Je, kama hawaoni? Kama miguu ni dhaifu? Basi jukwaa likawekwa waziwazi. Mwanzoni walichelewa, kisha wakawafikia wenzao. Macho na miguu havikuwa na kosa. Baadaye jukwaa likaondolewa kabisa: panya wazima wakazungukazunguka pale lilipokuwa, wale wengine hawakuonyesha kupajua.

Shaka moja ilibaki. Jeni iliyokosekana tangu mimba huenda iliuharibu ubongo ulipokuwa ukijengwa. Mwaka 1996 maabara ya Tonegawa ikalijibu hilo kwa kuondoa jeni nyingine, ya kipokezi cha NMDA, katika eneo la CA1 la hipokampasi, sehemu ya ubongo, peke yake, tena baada ya panya kuzaliwa. Nao wakashindwa kukumbuka mahali pa jukwaa.

Kwa hiyo siku utakaposoma kwamba "jeni ya kumbukumbu" imegunduliwa, usishangilie kwanza. Uliza kama panya wale walipimwa macho.