Sarafu Ndani ya Basi la 71

Basi la 71 la Brussels likitoka Porte de Namur huteremka Chaussée d'Ixelles taratibu, likapita uwanja wa Fernand Cocq na kushuka hadi Flagey, kule kwenye mabwawa. Nimelipanda miaka mingi. Lakini ni siku niliyolipanda na mpwa wangu ndipo nilipoelewa kwa nini Albert Einstein, alipotaka kumweleza mtu wa kawaida nadharia ya uhusianifu, aliona amtie kwanza ndani ya treni.

Kijana alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye nguzo. Nikampa sarafu ya senti 50, nikamwambia aiachie. Ikaanguka miguuni pake.

"Imeangukaje?"

"Wima, mjomba."

"Na yule mama aliyesimama kando ya barabara, yeye angeona nini?"

Akanyamaza toka kituo hadi kituo. Kisha akachora hewani kwa kidole mstari uliopinda, maana sarafu ilikuwa ikishuka huku ikienda mbele pamoja na basi. "Sasa ipi ndiyo njia yake ya kweli?" akaniuliza. Mwalimu mzuri, akifika hapo, hana haraka ya kujibu.

Einstein alitumia jiwe lililoachiwa kutoka dirisha la behewa, katika kijitabu alichokimaliza mwishoni mwa 1916 na kikachapishwa 1917, kwa ajili ya wasomaji wasiojua hesabu za juu. Katika dibaji alikiri kwamba amerudiarudia mambo makusudi ili aeleweke, bila kujali urembo. Urembo, kwa shauri la mwanafizikia Ludwig Boltzmann, aliwaachia fundi cherehani na fundi viatu. Hapo nadhani aliwapunja mafundi. Ukiingia mtaa wa Matonge, hatua chache tu kutoka barabara hii, utamwona fundi akipima kitenge mara ya pili na ya tatu kabla ya kutia mkasi. Kurudia kwake ndiko kunakoleta urembo, na kijitabu cha Einstein ni kizuri kwa sababu hiyo hiyo.

Tazama anavyofanya kwa radi. Radi mbili zinapiga, moja mbele ya treni na moja nyuma, zikiacha alama kwenye reli na kwenye ncha mbili za treni yenyewe. Mtu aliyesimama chini, katikati kabisa ya alama za reli, anafikiwa na mwanga wa zote mbili pamoja. Anasema zimepiga kwa wakati mmoja. Msafiri aliyeketi katikati ya treni anaufuata mwanga wa mbele na kuuacha wa nyuma, kwa hiyo wa mbele unamfikia kwanza. Je, aseme wa nyuma umechelewa njiani? Hawezi, kwa kuwa mwanga una kasi ile ile kwa kila anayeupima, kilomita karibu 300,000 kwa sekunde. Umbali kutoka kwake hadi kila ncha ni sawa, kasi ni sawa, basi hana budi kusema radi ya mbele ilitangulia. Na amesema kweli, kama yule wa chini alivyosema kweli. Tangu hapo neno "wakati mmoja" halijitoshelezi tena. Lazima uulize: wakati mmoja kwa nani?

Wengi wanaofundisha huruka hatua hizo, wakasema tu kwamba kila kitu hutegemea anayetazama. Huko ni kuiharibu kazi. Nadharia yote imesimama juu ya jambo lisilomtegemea mtazamaji, yaani kasi ya mwanga. Wengine hutoa mfano wa saa zetu: Mswahili aseme saa moja asubuhi, Mbelgiji aseme saa saba. Mfano huo haufai. Ukiongeza sita, ubishi umekwisha. Ubishi wa radi haumalizwi kwa kujumlisha.

Hata mwenye nadharia alihitaji kuelezwa. Mwaka 1927, kwenye mkutano wa wanafizikia uitwao Solvay, katika Parc Léopold, mwendo wa miguu usiofika nusu saa kutoka Porte de Namur, padri wa Kibelgiji Georges Lemaître alimweleza Einstein kwamba nadharia yake inaonyesha ulimwengu unapanuka. Einstein alizikubali hesabu, akaukataa mtazamo wenyewe. Miaka michache baadaye aliukubali.

Tulipokaribia Flagey, kijana akataka kujua kama saa yake inakwenda tofauti ndani ya basi. Inakwenda tofauti. Basi likishika kilomita 36 kwa saa, baada ya saa nzima saa yake itakuwa nyuma ya saa ya yule mama kwa sehemu mbili za trilioni ya sekunde. Akaona ni kitu cha kupuuza, akatoa simu kutazama ramani.

Ramani hiyo huongozwa na saa zilizomo ndani ya setilaiti. Kasi yao huzichelewesha, lakini kuwa mbali na mvuto wa dunia huziharakisha zaidi, hivyo saa hizo zingetangulia zetu kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, na zisiporekebishwa ramani ingekosea kwa kilomita kama 10 kwa siku moja. Kutoka Porte de Namur hadi Flagey hapafiki kilomita mbili.