Kunakili, Hakimiliki na Jasho la Mchoraji

Katika vituo vya biashara vya vijijini, Murusagamba kikiwa kimojawapo, sanaa ambayo mwananchi hukutana nayo kila siku iko ukutani. Ni kichwa kilichonyolewa kwenye banda la kinyozi, ng'ombe kwenye bucha, simba kwenye ukuta wa darasa. Jina la mchoraji halionekani. Mara nyingi amenakili: kutoka kalenda, kutoka gazeti, kutoka kwa mchoraji mwenzake wa kituo cha jirani.

Je, kijana huyu ni mwizi? Swali hili likiulizwa katika darasa la itikadi, majibu mawili hutolewa upesi. Wapo wanaosema kwamba sheria ya hakimiliki ipo, na kila anayenakili ni mhalifu. Wapo wanaosema kwamba sanaa ni mali ya umma, hivyo kila mtu achukue atakavyo. Majibu yote mawili yana kasoro moja. Hayaulizi nani anachukua kutoka kwa nani, wala matunda ya kazi yanakwenda kwa nani. Kada asiyeuliza hivyo atamhukumu mnyonge na kumwacha mnyonyaji apite.

Tuanze na mfano wa nyumbani. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi kama vijana wengi wa wakati wake. Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii wa Ulaya. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli, akauza picha zake nje, chini ya mbuyu, karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Picha zake za mwanzo zina nguvu ya pekee: mnyama mmoja, mstari imara, nyuma yake rangi isiyo na mapambo mengi.

Tingatinga naye hakuanza kutoka patupu. Wachunguzi wametofautiana kuhusu chimbuko la mtindo wake. Baadhi wametaja michoro ya kuta za nyumba za kusini, wengine picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam. Kwa vyovyote, alijifunza kwa kutazama kazi za wengine. Nao vijana aliowafundisha, wakiwamo January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata, walijifunza kwa kunakili kazi yake. Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Mtindo haukufa, kwa sababu kunakili ndiko kulikokuwa shule yake. Wachoraji walijikusanya, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika.

Hilo halina maana kwamba kila nakala ni njema. Mhakiki mkweli lazima aseme kwamba soko la watalii limeidhuru sanaa hii. Picha ileile ya tembo chini ya mlima imechorwa mara zisizohesabika, kwa sababu mgeni ameizoea na huinunua. Hapo mchoraji hajifunzi tena kutoka kwa mwenzake. Ananakili matakwa ya mnunuzi. Picha za mitindo hiyo zilizothubutu kuonyesha hospitali, soko na maisha ya kijijini zimebeba ukweli wa wananchi kuliko safu ndefu za twiga. Lakini kosa hili halirekebishwi kwa kumpeleka mchoraji mahakamani. Hurekebishwa kwa mafunzo, na kwa kumpunguzia utegemezi wa mnunuzi mmoja.

Sasa tuitazame sheria. Mkataba wa Berne, ambao ni msingi wa hakimiliki ya kimataifa, ulitiwa saini mwaka 1886, mwaka mmoja tu baada ya kumalizika kwa mkutano wa Berlin uliowapa mabeberu uwanja wa kuigawana Afrika. Mchoraji wa Kiafrika hakuwapo mezani katika mkutano wowote kati ya hiyo. Tanzania huru ilitunga sheria yake mwaka 1966, ikajiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, kisha ikatunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA. Sheria hizi zina manufaa. Zinampa msanii silaha ambayo hakuwa nayo. Hata hivyo zimejengwa juu ya picha ya mtunzi mmoja, mwenye kazi moja iliyokamilika, anayejua njia ya kwenda kwa wakili.

Matokeo yake yaonekane kwa hesabu. Sheria ya 1999 inalinda kazi ya mchoraji kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Tingatinga alifariki mwaka 1972. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa picha alizozichora yeye mwenyewe ulifika ukomo mwaka 2022 ulipokwisha. Zaidi ya hayo, hakimiliki hulinda picha, hailindi mtindo. Mwaka 2010 zilianza kuonyeshwa katuni za watoto ziitwazo Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza pamoja na studio ya Homeboyz ya Nairobi, zikafika katika televisheni za BBC na Disney. Hatusemi kwamba watengenezaji walivunja sheria. Jambo lenyewe ni zito zaidi: mtindo uliozaliwa chini ya mbuyu kwa rangi ya baiskeli unaweza kuzunguka dunia nzima pasipo sheria yoyote kuvunjwa, wala sheria yoyote kumlazimisha mtu kuwakumbuka walioujenga.

Hapa mpakani tunao mfano mwingine. Ng'ambo ya Rusumo, upande wa Nyakarambi nchini Rwanda, kina mama hutengeneza imigongo, mapambo ya mistari na pembe yanayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha yakapakwa rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Asili yake ni kuta za nyumba. Baada ya mwaka 1994 sanaa hii ilifufuliwa kwa njia ya ushirika. Nani mtunzi wa imigongo? Hakuna jina moja la kuandika kwenye fomu. Sheria yetu ya 1999 ilitambua tatizo la namna hii, ikatenga sehemu ya sanaa za jadi na kulipa Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, jukumu la kutoa idhini zinapotumiwa kwa faida nje ya mazingira yake. Hiyo ilikuwa hatua ya kimaendeleo. Lakini pambo halijui mpaka wa nchi, na idhini inayotolewa mjini haina maana kama faida hairudi kwa mama aliyefinyanga.

Wapo wanaotetea kunakili kwa hoja ya matumizi ya haki, yaani matumizi yasiyohitaji ruhusa ya mwenye kazi. Sheria yetu inaruhusu matumizi ya aina hiyo katika mafundisho, katika kunukuu na katika matumizi binafsi. Marekani, kwa sheria yake ya mwaka 1976, imeyafungua zaidi. Tuone yalivyotumika huko. Mwaka 2008 Shepard Fairey, msanii aliyejulikana kwa kubandika kazi zake mitaani, alitengeneza bango la Barack Obama kutokana na picha ya mpigapicha wa shirika la habari la Associated Press. Mwaka 2009 wakafikishana mahakamani, na mwaka 2011 wakapatana. Pande zote mbili zilikuwa na mawakili. Mchoraji wa banda la kinyozi hana. Kwa hiyo haki hiyo, ikiachwa peke yake, humfaa aliye na nguvu ya kuidai.

Kipimo chetu basi kiwe wazi. Mfanyakazi anaponakili kutoka kwa mfanyakazi mwenzake ili ajifunze na ale, hiyo ni shule. Mtaji unapochukua kutoka kwa wafanyakazi, ukauza, ukaficha majina yao na usirudishe kitu, huo ni unyonyaji, hata kama karatasi zote zimekamilika.

Kipimo hicho lazima kitupime na sisi. Mwezi Mei 2017 alifariki Dar es Salaam mzee Francis Kanyasu, maarufu kama Ngosha, aliyetajwa kuwa mchoraji wa nembo ya Taifa. Alifariki muda mfupi baada ya vyombo vya habari kueleza hali ya umaskini aliyokuwa akiishi. Wengine wamemtaja Jeremiah Kabati wa Mwanza kuwa ndiye aliyeichora. Makala hii haiamui kati yao. Inasema tu kwamba nembo iliyopo kwenye kila hati ya Serikali imezua ubishi kuhusu mkono ulioichora, na ubishi huo ni ushahidi wa uzembe wetu wa kutunza kumbukumbu za wafanyakazi wa sanaa. Hatuwezi kuwalaumu mabepari wa nje kwa kufuta majina ya wachoraji, ilhali majina hayo yanafutika pia mikononi mwetu.

Kazi zilizo mbele ya kada wa ngazi ya tawi na kata ni nne. Kwanza, kila mchoro wa ukutani unaolipiwa na Chama, shule au serikali ya kijiji uandikwe jina la mchoraji na mwaka, na malipo yake yaingizwe kwenye daftari. Pili, wachoraji wa mabango wahamasishwe kuunda vikundi, kwa kuwa ushirika ndio uliowapa wanafunzi wa Tingatinga sauti. Tatu, wafundishwe kusajili kazi zao COSOTA na kusoma mkataba kabla ya kutia saini. Nne, mwalimu asimkataze mtoto kunakili, bali amfundishe kumtaja aliyemnakili.

Rangi ya ukutani hufifia kwa mvua na jua. Jina lililoandikwa kwenye daftari la kijiji hubaki, na siku mfanyabiashara atakapofika na mkataba wake, kijiji kitakuwa na cha kumwonyesha.