Marumaru ya Kuchapwa na Udongo wa Kwihara

Marumaru husifiwa kwa mishipa yake, na sifa hiyo ni ya haki. Mawe ya chokaa yaliyopikwa kwa joto na kukandamizwa chini ya ardhi hugeuka marumaru. Udongo na madini ya chuma yaliyokuwamo hunyooshwa yakawa michirizi. Hakuna mshipa unaojirudia. Ndiyo maana mafundi wa kale walipasua jiwe moja kwa msumeno, wakayafunua mabamba mawili jirani kama kurasa za kitabu, mshipa wa kushoto ukaitikiwa na wa kulia. Kuta za ndani za Hagia Sophia, iliyokamilika mwaka 537 mjini Istanbul, zimevikwa hivyo. Mpenzi wa mashairi hahitaji kufunzwa uzuri huo: ni ukwapi na utao, mizani nane kwa nane, pande mbili zilizo sawa kwa kipimo ilhali kila upande una neno lake.

Niliyakumbuka hayo Tabora, nyumbani kwa mwenyeji wangu mmoja. Ukuta wa barazani na wa sebuleni ameubandika mabamba ya plastiki yaliyochapwa mishipa ya kijivu na ya dhahabu. Kwa mbali yanapendeza. Ukisogea, mshipa ule ule unashuka kutoka pembe ile ile, bamba kwa bamba, kumi na moja mfululizo. Yuko atakayesema hicho ni kibwagizo. Sikubali. Kibwagizo kila kirudipo hukuta ubeti mpya umekwisha kukibadilishia maana. Hapa bamba la pili halikuongeza neno juu ya la kwanza. Ni kazi ya mtunzi mwenye vina vingi asiye na la kusema, nasi wa visiwani tunao wa aina hiyo tele.

Nilimweleza hivyo, tena kwa ufasaha niliojivunia. Nikaongeza kuwa uzuri wa Tabora uko Kwihara, katika tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, ambalo leo ni makumbusho: kuta nene za udongo, paa bapa, mlango wa nakshi kama ya kwetu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Ustadhi, nyinyi wa Unguja mna marumaru tangu enzi za mababu. Sisi tubaki na udongo ili mje kuutazama?"

Sikuwa na jibu. Nani asiyezijua ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe mlangoni pa nyumba ya Tippu Tip, Shangani? Mali ya mtu yule ilipita Unyanyembe: pembe za ndovu, na watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, hadi Bagamoyo; waliorudi bara walibeba vitambaa, shanga na waya. Bamba la marumaru la mita moja ya mraba, lenye unene wa sentimita 2, hukaribia kilo 54. Hakuna bega lililoagizwa kulipeleka Tabora. Reli ilipofika huko mwaka 1912, biashara iliyojenga ngazi zile ilikuwa imekwisha kufa. Hili la plastiki, waama, mpagazi yeyote angalilibeba na kuimba.

Basi lawama yangu juu ya mabamba yale naishikilia, ni mabaya; lakini mahubiri yangu juu ya udongo yalikuwa ya mgeni anayerejea kulala kwenye nyumba ya mawe. Tembe la Kwihara lilijengwa kwa kilichokuwapo, na waliolijenga hawakuulizwa kama wangependa kingine.

Asubuhi yake nilimshauri jambo moja dogo: ayabandue mabamba, kila la pili aligeuze juu chini. Yaligeuka matano. Mishipa haikuitikiana kama kurasa, ila iliacha kufuatana. Mwenyeji wangu akarudi nyuma hadi mlangoni, akatazama kitambo, akasema la tisa limekaa upande, nalo kweli lilikuwa limekaa upande.