Maandishi ya Ukutani na Hadhira Yake: Kutoka Mtaa wa Dallas, Embu

Wahakiki wa Kiswahili wamekwisha kuyapa majina ya kanga na misemo ya magarini nafasi katika mazungumzo ya fasihi. Maandishi ya ukutani hayajapata bahati hiyo kwa kiasi kile. Hutajwa zaidi yanapokuwa makubwa, ya rangi nyingi, na yamefanywa na mchoraji mwenye jina. Yale ya mkaa, ya msumari, au ya mabaki ya rangi ya mlango huachiwa askari wa mji wayafute kuwa ni uchafu. Mgawanyo huu hutazama mkono wa mwandishi ukasahau hadhira, na ndipo unapokosea.

Dallas ni mahali pafaapo kuanzia. Ni mtaa wa mji wa Embu, upande wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya, wenye jina la mji wa Texas. Ni ndugu wa Soweto ya Kibera na Kosovo ya Mathare, majina yaliyosafiri mbali yakapata wenyeji wapya. Apitaye kwa miguu katika mitaa ya namna hii, iwe Embu au Meru, husoma mfululizo: vichwa vilivyochorwa ukutani pa kinyozi, kikombe cha chai kinachofuka moshi mlangoni pa hoteli, jina la timu ya mpira ya Uingereza, herufi mbili na moyo katikati, halafu onyo.

Lugha nazo zimegawana kazi. Katika eneo hili Kiembu, Kimbeere, Kimeru, Kikamba na Kikuyu hukutana sokoni, lakini ukutani duka hupenda kujiita kwa Kiingereza na katazo hupenda Kiswahili. Mwenye duka anataka kusifiwa. Mwenye katazo anataka kutiiwa, na asiyeeleweka hatatiiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ukuta ulikuwa umekwisha kukipa madaraka hayo, ingawa kwa jambo la aibu kidogo: “Usikojoe hapa.”

Maneno hayo mawili yanastahili kutazamwa kifani. Nafsi ni ya pili umoja. Mwandishi hahutubii umma. Anamkamata mtu mmoja, katika tendo moja, mahali pamoja. Kejeli yake ni kwamba katazo lenyewe humwonyesha mgeni kona ilipo. Mara nyingi pia hujibiwa kwa mkono mwingine, kwa tusi au mzaha, na hapo matini huwa ya watu wawili. Ni riwaya ngapi zinazoweza kudai kujibiwa na msomaji wake juu ya ukurasa uleule?

Lakini kilele cha utanzu huu ni sentensi nyingine, inayoonekana Kenya na Tanzania pia: “Nyumba hii haiuzwi.” Penye shamba au kiwanja husemwa vivyo hivyo kwa ngeli yake, na Tanzania huongezwa “ogopa matapeli”. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, nayo humficha mtenda. Nani anayeiuza? Huenda ni tapeli wa mbali. Huenda ni kaka, mume, au mjomba aliyelala ndani ya nyumba ileile. Mwandishi anamjua, na jirani anamjua, lakini sarufi imewapa wote nafasi ya kuendelea kusalimiana asubuhi. Msomaji anayetajwa ni mnunuzi mwenye fedha mfukoni. Msomaji anayelengwa ni yule asiyetajwa. Mhakiki akiuliza mgogoro na wahusika wako wapi, vyote vimo, na vimebanwa katika maneno matatu.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inampa mwenye maslahi njia ya kuweka zuio katika daftari la ardhi. Njia hiyo inataka fomu, ada na safari ya ofisini. Ukuta unataka kopo la rangi. Kwa mjane au yatima anayehofu kuamka bila makao, kuandika ukutani si pambo la mtaa. Ni mashtaka yaliyofunguliwa mbele ya majirani, nao ndio watakaoulizwa na mnunuzi.

Dola nayo huandika. Alama ya X hupakwa juu ya nyumba zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Kimara, Dar es Salaam, mwaka 2017, alama hiyo ilitangulia ubomoaji kando ya Barabara ya Morogoro. Ni maandishi mafupi kuliko yote, hayana nafsi, wala hayangojei jibu. Hakuna aliyeyaita uchafu.

Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo7, aliandika Kibera mahali pengi “Peace Wanted Alive”. Ameazima umbo la tangazo la polisi la kumsaka mhalifu, akaligeuza: anayetafutwa ni amani, na ipatikane ikiwa hai. Hapa Kiingereza kinastahili nafasi yake. Michoro ya tumbusi iliyochorwa Nairobi mwaka 2012, kwa uongozi wa mpiga picha Boniface Mwangi, ina ufundi mkubwa zaidi na ilisifiwa zaidi. Hata hivyo inamhutubia mpigakura kwa jumla, na hotuba ya jumla ni rahisi kuipita.

Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake walichapisha uchunguzi wa michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa katika lipu za magofu ya pwani. Waliokwaruza hawakujulikana kwa jina, na leo kazi yao ni ushahidi wa namna majahazi yalivyoundwa. Mkaa haudumu kama lipu ya chokaa. Anayetaka kuyahifadhi maandishi ya Dallas hana budi kunakili tarehe, kimo kutoka ardhini, na majibu yaliyoongezwa. Na pale palipopakwa rangi mpya, aangalie pia herufi za zamani zinazochungulia chini yake.