Kavukavu Mbele ya Majaji

Kosa kubwa la Bongo Star Search (BSS) haliko kwenye fainali wala kwenye kura za meseji. Liko dakika ya kwanza ya usaili, pale mshiriki anapoingia chumbani, anataja jina lake na anakotoka, kisha anaambiwa aimbe. Anaimba kavukavu: hakuna kinanda, hakuna gitaa, hakuna hata mtu wa kumpa noti moja ya kuanzia. Aliyelifuata shindano hili tangu enzi za washindi Paschal Cassian na Mariam Mohamed anaikumbuka picha hiyo vizuri, na kwa kuwa imezoeleka hakuna anayeihoji. Ihojiwe sasa, maana hapo ndipo sauti nzuri zinapozikwa kabla hazijasikika.

Mfuate kijana wa Maisaka, hapa Babati. Usaili wa kanda hii ukifanyika Arusha, itabidi awe stendi ya Babati alfajiri, asafiri kilomita zipatazo 170, kisha asimame kwenye foleni hadi jua la mchana. Akiitwa, koo limekauka na moyo unadunda. Anatakiwa aanze wimbo, na noti ya kwanza aitoe kichwani mwake. Mtu mwenye hofu huvuta pumzi fupi za kifuani, koromeo likapanda, na sauti ikaanzia juu kuliko anavyoimba akiwa nyumbani. Yeye mwenyewe hajui kama ameanzia juu. Majaji nao hawajui, kwa sababu hakuna kitu chochote mle chumbani cha kulinganisha.

Ubeti unapita salama. Beti nyingi za Bongo Fleva hukaa katika eneo dogo la sauti, chini chini, karibu na maongezi. Halafu kinakuja kiitikio, ambacho ndicho kimemfanya auchague wimbo huo, nacho kinapanda noti tano au sita juu ya pale ubeti ulipokuwa. Kama aliuanza wimbo hatua mbili juu ya kipimo chake, paa la kiitikio sasa limepita paa la sauti yake. Anabana koo, noti inapasuka, uso unakunjamana, na majaji wanamkata. Anaambiwa hana sauti ya kupanda. Koo lile lile, wimbo ule ule, ukishushwa hatua mbili tu, lingefika juu na kubaki na akiba. Kilichomwangusha ni chaguo la sekunde ya kwanza, na chaguo hilo hakuwahi kufundishwa na mtu yeyote.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Anayeimba bila ala hushuka taratibu. Walimu wa kwaya wanalijua jambo hili kuliko watayarishaji wa televisheni: kwaya inayoimba bila kinanda inaweza kuanza vizuri na kumaliza ubeti wa nne ikiwa nusu toni chini, na hakuna mwimbaji aliyesikia chochote, kwa kuwa wote wameshuka pamoja. Ndiyo maana mwalimu makini hurudi kwenye kinanda mwisho wa wimbo kuangalia wamefika wapi. Kwenye usaili hakuna wa kurudi kwenye kinanda. Mwenye sauti tamu inayoteleza hupita kwa makofi, na wiki chache baadaye anawekwa mbele ya bendi. Bendi haishuki naye. Watazamaji wanasema ameharibikia jukwaani, wakati alikuwa hivyo hivyo tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo utaratibu huu unafanya makosa mawili kwa mpigo. Unamwadhibu mwenye masikio mazuri aliyepatwa na hofu, na unamficha mwenye masikio mabovu aliyejaliwa ujasiri. Katika shindano la kuimba ni vigumu kubuni kipimo kibaya kuliko hiki.

Lawama hizi hazigusi hatua za baadaye: kazi ya bendi kwenye maonyesho ya moja kwa moja, na ya walimu wa sauti nyuma yake, ni nzuri na haina haja ya maelezo.

Usaili huu haukubuniwa Dar es Salaam. Ulitoka Uingereza na Pop Idol mwaka 2001, ukavuka bahari na American Idol mwaka 2002, na kampuni ya Benchmark ya Rita Paulsen ilipolianzisha shindano letu katikati ya muongo ule, namna ya kusaili ilifuata mkondo huo huo. Wamarekani wenyewe walilegeza: msimu wa saba, mwaka 2008, waliruhusu washiriki kushika ala. Sababu za kitelevisheni za kupenda uimbaji mkavu zinaeleweka. Ni wa haraka, ni wa bei nafuu, na mhariri anaweza kuukata popote bila muziki kuruka. Na unazalisha vichekesho. Hapa safu hii inarudia ugomvi wake wa siku nyingi: vipande vya watu wasiojua kuimba, wakichekwa na nchi nzima, vimekula muda ambao ungetumika kuwasikiliza wanaojua. Sehemu ya waliochekwa hawakuwa wabovu. Walianzia pabaya tu.

Sasa tazama Chennai, India. Mwaka 2006, BSS ilipokuwa changa, Vijay TV ilianzisha Super Singer, shindano la kuimba nyimbo za filamu za Kitamil. Kule wanatafuta sauti, maana mwimbaji wa filamu haonekani. Anarekodi studio, na mwigizaji anachezesha midomo mbele ya kamera. (Watanzania wameionja sanaa hiyo ya midomo kupitia Kili Paul wa Chalinze, ambaye kwa video zake za nyimbo za Kihindi alipewa heshima na Ubalozi wa India Februari 2022. Anaifanya kwa ustadi. Lakini kuchezesha midomo ni kazi moja, kuimba ni nyingine.) Mwimbaji asiyeonekana hana pa kujificha: hana nguo, hana tabasamu, hana hadithi ya maisha ya kusimulia. Ana noti tu.

Ndiyo maana waimbaji wale wamekuzwa na kipimo. Katika muziki wa Kikarnatiki, muziki wa jadi wa India Kusini ulio mzizi wa sehemu kubwa ya nyimbo hizo, kila mwanafunzi anaijua sruti yake, yaani noti ya msingi ambayo sauti yake inakaa vizuri, na huitaja kwa namba. Wanaume wengi huwa karibu na moja, ambayo ni C ya kinanda. Wanawake karibu na tano, ambayo ni G. Tambura, ala ya nyuzi, au kifaa kidogo cha umeme kinachoiga mlio wake, huivumisha noti hiyo mfululizo tangu kabla mtu hajafungua mdomo hadi atakaponyamaza. Akiteleza, tofauti inasikika hapo hapo. Na waliokaa viti vya majaji vya Super Singer ni waimbaji wa kazi hiyo: Srinivas, Sujatha Mohan, K. S. Chithra, na P. Unnikrishnan aliyetwaa tuzo ya taifa ya uimbaji wa filamu kwa nyimbo za mwaka 1994, alipokuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye filamu. Wanachosahihisha ni sruti, mwendo, mapambo ya sauti na matamshi. Mshiriki huondoka na darasa hata akikatwa.

Wapo watakaosema msanii wa kweli aimbe popote, hata porini. Hoja hii inasikika vizuri, lakini hakuna kazi ya uimbaji inayoitetea. Bongo Fleva huimbwa juu ya biti. Prodyuza ameshaitengeneza, ki, yaani noti ya msingi ya wimbo, imeshapangwa, na mwimbaji akiingia chumba cha kurekodia anavaa hedifoni na kusikia muziki kabla ya kutoa neno. Master J, jaji wa miaka mingi wa BSS na mwenye MJ Records, amewarekodi wasanii kwa utaratibu huo tangu miaka ya 1990. Masikio yake ni miongoni mwa bora tulionao nchini, na hana wa kumwambia lolote kuhusu ki. Inasikitisha zaidi kwamba masikio hayo yamekalishwa mbele ya meza isiyo na kinanda. Jukwaani napo ni bendi, au, kwa aibu yetu, ni CD. Kanisani ni kinanda. Kwenye taarabu ala hutangulia kwa dakika nzima kabla mwimbaji hajasimama. Mahali pekee ambapo mwimbaji wa Kitanzania hutakiwa atoe wimbo hewani na kuhukumiwa kwa huo ni kwenye chumba cha usaili.

Kuna sanaa moja inayodai mtu aanze peke yake, nayo ni usomaji wa Qur'ani kwenye mashindano. Lakini tazama jinsi wasomaji wanavyoandaliwa. Ustadhi humfundisha kijana kwa miaka aanzie chini, kwenye karari, aijue sakafu ya sauti yake, kisha apande ngazi kwa ngazi hadi kwenye jawabu na arudi salama. Kuanza kwenyewe ni somo. Kama BSS inataka kupima somo hilo, ilifundishe kwanza.

Vijana wa Babati wanaumia kuliko wengi. Wengi wenye sauti hapa wametoka kwenye kwaya, za Kikatoliki na za Kilutheri, ambako wimbo hauanzi mpaka sauti zote nne zimepewa noti zao kwa solfa. Ukienda kwenye mila, katika slufay, yaani maombi ya Wairaqw, mzee mmoja hunena na kundi likamwitikia. Kijana hujifunza kuitika zamani kabla hajaruhusiwa kuanzisha. Hawa ni watu waliozoezwa kusikiliza kwanza, kisha kuimba. Usaili mkavu unakigeuza kipaji hicho kuwa mzigo.

Wakubwa wa zamani walipatikana kwa njia nyingine. Siti binti Saad aliandaliwa na mwalimu, Muhsin Ali, udi mkononi, na alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa His Master's Voice, alikwenda na wapigaji wake. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alizichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzivika mashairi ya Kiswahili. Msikilize anavyoingia juu ya kinanda, anakaa katikati ya noti kama aliyezaliwa humo, na akipanda hapigi kelele. Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka wa Mlimani Park walirekodi Redio Tanzania bendi nzima ikipiga kwa pamoja, bila programu ya kunyoosha sauti iliyokosea. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepatikana kwa kuachwa peke yake bila ala na kupewa nusu dakika. Bendi ikimtaka mwimbaji, ilimkaribisha mazoezini, gitaa likapigwa, akaingia. Kama kapotea, kila mpigaji alisikia.

Itasemwa kwamba mbona wazuri wamepita. Ni kweli. Peter Msechu alipita, akawa wa pili BSS mwaka 2009, na mwaka uliofuata akawa wa pili tena nyuma ya Davis Ntare wa Uganda kwenye Tusker Project Fame, ambako washiriki waliishi chuoni na walimu wa sauti na kuimba na bendi. Walter Chilambo alipita, akachukua milioni 50 mwaka 2012, na leo ni jina kubwa katika nyimbo za Injili. Hawa wangepita usaili wa aina yoyote. Suala ni wale walio hatua moja nyuma yao, ambao sauti zao zinahitaji mazingira ya haki ili zisikike, na ambao nchi ilitumia gharama ya kuwafuata mikoani ili iwakatae kwa kosa lisilo lao. Mshindi wa kesho, Meshack Fukuta au Kayumba mwingine, yumo kwenye kundi hilo, na pengine ameshapanda basi la jioni kurudi kwao.

Dawa haihitaji mfadhili. Kiwekwe kinanda kidogo pembeni ya meza ya majaji, na mpigaji mmoja. Mshiriki aulizwe ki yake. Asiyeijua, mpigaji aitafute naye kwa kumwimbisha mstari mmoja, kazi ya sekunde kumi kwa mpigaji yeyote wa kanisani. Aimbe ubeti na kiitikio juu ya kinanda. Kisha jaji aseme, panda hatua moja, kiitikio kirudiwe. Panda tena, kirudiwe. Hapo majaji watakuwa wameona upana wa sauti, wepesi wa masikio na namna mtu anavyopokea maelekezo, mambo matatu ambayo usaili wa sasa hauyagusi.

Uimbaji mkavu uje mwisho, ukiwa na kazi maalumu. Mpigaji atoe noti ya kuanzia, aondoe mikono, mshiriki aimbe beti mbili peke yake. Akimaliza, noti ile ile ibonyezwe tena bila maneno. Aliyeshuka atasikika, na watasikia wote: majaji, fundi wa kamera, na mama yake anayetazama Maisaka.