Kazi Nzuri ya Meno Huanzia kwenye Magego: Mwongozo wa Mkaguzi

Weupe wa meno huonekana kutoka ng'ambo ya barabara, ndiyo maana huuzwa kwanza. Mtu akitoka kliniki, iwe ya Garissa mjini au ya Eastleigh jijini Nairobi, ambako wengi wa kaskazini mashariki mwa Kenya husafiri kutibiwa, watu humtazama meno sita ya mbele na kutoa hukumu papo hapo. Kwenye soko la mifugo la Garissa hukumu haitolewi haraka hivyo: mnunuzi humfunua ng'ombe mdomo, akahesabu meno yaliyobadilika na kutazama yalivyolika, ndipo azungumze bei. Mdomo wa binadamu nao unastahili ukaguzi wa aina hiyo. Urembo wa meno ya mbele hudumu au huvunjika kutokana na namna meno yote yanavyokutana mdomo ukifungwa, na anayejua kuukagua mkutano huo hadanganywi na rangi.

Mdomo ukifungwa

Mwaka 1899 Mmarekani Edward Angle aliweka makundi matatu ya mkutano wa meno, akitumia kigezo kimoja: gego la kwanza la kudumu la juu, lile linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, limekaa wapi juu ya mwenzake wa chini. Madaktari wanatumia makundi hayo hadi leo. Maana yake kwa mteja ni rahisi. Magego yakikaa mahali pake, ndiyo yanayobeba nguvu ya kuuma, na meno ya mbele hupumzika. Yakiwa yameng'olewa au yamepinda, nguvu hiyo huhamia mbele.

Katika mdomo uliokaa sawa, meno ya juu ya mbele huyafunika ya chini kwa milimita 2 au 3. Yakifunika mno, meno ya chini huyagonga ya juu kwa nyuma kila mtu anapotafuna. Yakikutana ncha kwa ncha, husagana. Sasa fikiria vinia, yaani gamba la kauri linalogandishwa juu ya jino, ambalo mara nyingi unene wake ni nusu milimita tu. Kauri ni ngumu lakini haipindi. Ukiibandika kwenye jino linalogongwa, itameguka hata kama iliundwa na fundi hodari.

Kipimo cha nyumbani ni hiki: weka ncha ya kidole cha shahada kwenye meno mawili ya juu ya mbele, kisha uma polepole kwa magego. Kidole kikihisi jino linatikisika, jino hilo limebebeshwa mzigo usio wake. Kliniki ina kipimo chake, karatasi nyembamba yenye rangi ambayo mgonjwa huiuma. Katika kazi nzuri, alama za rangi hutawanyika sawasawa kwenye magego ya pande zote mbili, na meno ya mbele hupata alama hafifu. Daktari akimaliza kubandika vinia bila kutumia karatasi hiyo, kazi haijakwisha.

Chonge lililokosekana

Hapa ndipo mdomo wa kaskazini mashariki unapohitaji jicho la pekee. Chonge ndilo jino lenye mzizi mrefu kuliko yote. Taya linaposogezwa upande, chonge la juu huteleza juu ya la chini na kuyatenganisha magego, hivyo meno mengine hayasuguani. Lakini katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki, mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, ufizi wake hupasuliwa na chipukizi la chonge la utotoni likatolewa kwa imani kwamba ndilo linalomuuguza. Nchini Tanzania machipukizi hayo huitwa meno ya plastiki. Wasomali husema ilko dacowo, na mwaka 2000 madaktari Rodd na Davidson waliandika kutoka Uingereza kuhusu madhara yake kwa watoto wa Kisomali. Miongoni mwa Wamaasai wa Kajiado, desturi hiyo iliandikwa kitaalamu mwaka 1995.

Kuhara hakuponi, lakini chonge la kudumu lililokuwa likijengeka chini ya lile la utotoni linaweza kuota limelemaa, kuota mahali pasipo pake, au lisiote kabisa. Miaka 20 baadaye, mtu huyo akitaka vinia, meno madogo yaliyo jirani na pengo ndiyo yanayobeba kazi ya chonge, na huko ndiko kauri inakovunjika kwanza. Kwa hiyo daktari mjuzi huuliza habari za utotoni, hupiga picha ya eksirei, na huangalia taya likisogea kushoto na kulia. Asiyeuliza huchonga tu.

Madoa ya maji

Mji wa Garissa hunywa maji ya Mto Tana. Ukienda mbali na mto, kuelekea Dadaab na Wajir, watu na mifugo hutegemea visima. Maji ya ardhini yanaweza kubeba floraidi nyingi, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yanayozidi kiwango hicho mwaka baada ya mwaka, kabla hajafika miaka 8, enameli yake, yaani tabaka gumu la nje ya jino, hujengeka na kasoro: madoa meupe yasiyong'aa, mistari ya kahawia, na hali ikiwa mbaya, vijishimo.

Hutambui ubora wa tiba ya madoa haya kwa kuona yamefunikwa. Unautambua kwa kujua daktari alianza na nini. Madoa mepesi husuguliwa kwa mchanganyiko wa asidi hafifu na unga laini, na jino hupoteza tabaka jembamba sana. Dawa ya kung'arisha huweza kusaidia, ingawa siku za kwanza madoa meupe huonekana zaidi. Kompoziti, yaani rezini ya rangi ya jino, na vinia huja baadaye, kwa yaliyozidi. Hapo kuna siri ya ufundi. Tangu Michael Buonocore aonyeshe mwaka 1955 kwamba asidi huifanya enameli ishike kibandiko, kazi yote hii hutegemea asidi hiyo, lakini enameli iliyojaa floraidi huikataa. Fundi mzuri huikwaruza kidogo kwanza au huiacha asidi kwa muda mrefu zaidi. Asiyejua hilo hubandika, na mteja hurudi na kipande mkononi.

Kupanga kabla ya kupamba

Meno yaliyopinda yana njia mbili. Ya kwanza ni kuyasogeza kwa waya, kazi ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili, huku mgonjwa akimwona daktari kila wiki 4 hadi 8. Ya pili ni kuyachonga hadi yaonekane yamenyooka, kisha kuyavika kauri. Ya pili humalizika kwa siku chache, na kwa mtu anayesafiri kilomita 370 hivi kutoka Garissa hadi Nairobi, kishawishi chake kinaeleweka. Lakini enameli iliyochongwa haioti tena.

Wengi wetu tuna swali la dini pia. Kuna hadithi katika Bukhari na Muslim inayokemea kutenganisha meno kwa ajili ya urembo, na wanazuoni wengi hutofautisha urembo huo na kutibu kasoro au madhara. Sheikh wako ndiye wa kukujibu. Kwa upande wa ufundi, njia inayohifadhi jino zima ndiyo iliyo bora mara nyingi: sogeza kwanza, ng'arisha, kisha ongeza kompoziti kidogo panapopungua. Waya zikitolewa, retena, yaani kifaa cha kuyashikilia meno, lazima ivaliwe, la sivyo meno hurudi yalikotoka.

Mwanya nao usizibwe kwa mazoea. Pwani na kwa Wasomali, mwanya ni sifa ya uzuri. Mwenye nao akitaka uzibwe, tazama upana: meno mawili yaliyonenepeshwa kwa kompoziti hadi upana ukapita urefu wake ni kazi mbovu. Na kama meno ya chini ndiyo yanayoyasukuma ya juu, mwanya utafunguka tena.

Ukingo, ufizi na sauti

Vuta mdomo wa juu, utazame kauri inapokutana na ufizi. Ufizi wa waridi au wa rangi yake ya asili, usiovuja damu, ni dalili njema. Ufizi mwekundu uliovimba unaonyesha ukingo uliozidi au gundi iliyoachwa. Pitisha uzi wa meno katikati ya jino na jino: uingie kwa kubana kidogo na utoke bila kukatika.

Kisha zungumza. Tamka "fafanua", na ncha za meno ya juu ziguse mdomo wa chini pale unapoanza kuwa na unyevu. Sema "sitini na sita", na meno yakaribiane bila kugongana. Ukisikia mluzi au kitembe ambacho hakikuwapo, na wiki zikapita bila kupungua, urefu umekosewa.

Mdomo unavyotumika

Daktari asiyeuliza kuhusu miraa hajaujua mdomo wa Garissa. Mlaji huweka fundo shavu moja kwa saa nyingi, akiteremsha kwa soda au chai ya sukari, pengine akiongeza bigijii, yaani ubani wa kutafuna. Upande huo hulika, ufizi wake hushuka, na kompoziti hubadilika rangi. Anayekula miraa kila jioni aambiwe ukweli huo kabla hajalipa. Mswaki wa mti hauna ubaya, Shirika la Afya Duniani liliwahi kuupendekeza, lakini usugue kutoka ufizini kwenda kwenye ncha. Kusugua kwa nguvu kwenda na kurudi hushusha ufizi na kufichua ukingo wa kauri.

Kabla ya kukubali

Hakikisha jina la daktari limo katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na kwamba anayekuwekea waya amesomea kupanga meno. Omba kuona mfano wa nta au wa plasta wa meno yako yatakavyokuwa. Uliza: enameli kiasi gani itachongwa? Kipande kikivunjika mwaka ujao, nani atakitengeneza, na wapi? Nilindweje usiku kama nasaga meno usingizini? Mjuzi hujibu bila kukasirika.

Na fedha zikiwa chache, zitumie kwa mpangilio: kwanza matundu ya meno na ufizi, pili pengo la gego, tatu mkutano wa meno, mwisho rangi. Aliyefuata mpangilio huo akaishiwa kabla ya kufika kwenye rangi amebaki na meno yanayotafuna. Aliyeanza na rangi atailipia mara mbili.